Kabla ya Kumleta Nyoka Nyumbani, Amua Atakula Nini

Wanaoniuliza kuhusu nyoka wa mahindi huanza na bei, wakaja kwenye urefu, kisha wakataka kujua kama anauma. Swali la chakula huja mwisho, na mara nyingi mwulizaji huwa tayari ameshampata mnyama au ameshaahidiwa. Nashikilia kwamba mpangilio huo umegeuzwa miguu juu. Nyoka huyu hana sumu, hana kelele, hahitaji matembezi wala kuchanwa manyoya. Takriban kazi yote ya kumfuga imo katika mlo wake, yaani chakula kitatoka wapi, kitakuwa na ukubwa gani, kitatolewa kila baada ya muda gani, na kitatolewa kikiwa hai au kimekufa. Asiye na majibu ya maswali hayo bado hajawa tayari kufuga, hata kama ameshanunua sanduku zuri la kioo.

Kwa sisi tunaoishi Mombasa suala hili ni zito zaidi. Mfugaji wa London au Chicago huingia dukani akatoka na pakiti ya panya waliogandishwa, wamepangwa kwa ukubwa, na maelezo mengi ya ufugaji yameandikwa kwa kumfikiria yeye. Huku kwetu mtu hujitafutia. Hali ya hewa nayo si ile iliyokusudiwa na maelezo hayo, ambayo hutumia kurasa nyingi kumfundisha mfugaji jinsi ya kumpatia nyoka joto wakati wa baridi, ilhali tatizo letu katika miezi ya kaskazi ni kumpoza. Kwa hiyo ushauri wa ng'ambo nausoma kwa makini, naupima, kisha nachukua kile kinachosimama katika mazingira yetu.

Nyoka wa mahindi, ambaye kwa lugha ya sayansi ni Pantherophis guttatus, ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia New Jersey hadi Florida na kuelekea magharibi hadi Louisiana. Linnaeus alimweleza kisayansi mwaka 1766. Hutoka yaini akiwa na urefu wa sentimita 25 hadi 30, hukua akafika sentimita 90 hadi 150, na akitunzwa vyema huishi miaka 15 hadi 20, wengine zaidi ya hapo. Porini, wachanga hula mijusi na vyura wa mitini. Wakikua huhamia kwa panya na ndege. Hulidaka windo kwa meno madogo, wakalizungushia mwili na kulibana mpaka life. Zamani ilidhaniwa kwamba mbano huo huua kwa kukatiza pumzi, lakini utafiti uliofanywa kwa nyoka aina ya boa na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kinachokatika kwanza ni mzunguko wa damu, tena ndani ya sekunde chache. Nalitaja hili mapema kwa sababu lina uzito katika mjadala wa windo hai, nitakaoufikia.

Nyumbani kwetu Tudor wako wawili. Zafarani ni jike mzima mwenye uzito wa gramu 480 hivi, na Binzari ni dume mchanga wa gramu 60. Kila mmoja ana sanduku lake, kwa sababu nyoka hawa huishi pwekepweke, na wawili wakilishwa mahali pamoja wanaweza kuvamia windo moja kutoka ncha mbili, jambo linaloweza kumalizika kwa mmoja kummeza mwenzake. Masanduku yote mawili yana kufuli. Kuhusu vibali sitasema mengi, ila jambo moja halina mjadala: iko Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na anayetaka kufuga nyoka, awe wa hapa au wa kigeni, aanzie katika ofisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kabla hajatoa hata shilingi moja. Nyoka huyu akitoroka, hatari si kwamba majirani watampiga tu. Katika kisiwa cha Grand Cayman huko Karibi, ambako hakuwa mwenyeji, ameshajizalia na kuenea, na joto la kisiwa chetu halimzuii kufanya vivyo hivyo.

Aliyenifanya nilitazame suala la chakula kama suala la dhamana ni bibi yangu. Hakupenda nyoka, na hadi leo hapiti karibu na masanduku yale, lakini siku Zafarani alipoingia nyumbani alisema neno moja ambalo nimelishika: "Mjukuu wangu, huyo umemfungia wewe, hawezi kwenda kujitafutia. Riziki yake sasa iko shingoni mwako." Kila mtoto aliyepita madrasa huku kwetu ameisikia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kwamba alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajilia wadudu wa ardhini. Kosa lililotajwa pale ni kukifungia kiumbe huku ukimnyima alichoumbiwa kula, na nyoka ameumbiwa kula wanyama wazima, nyama, mifupa na matumbo yao pamoja. Mwenye nyumba asiyeweza kuvumilia panya aliyekufa katika kibano asijitwike dhamana hii. Kuna wanyama wengine wengi wazuri wa kufuga wanaokula majani.

Nianze na windo hai, kwa kuwa ndilo wengi wanalolifikiria. Hoja ya wanaolitetea ni kwamba huko porini nyoka hawindi maiti. Ni kweli, lakini porini windo lina njia ya kukimbia na nyoka naye ana njia ya kuondoka. Ndani ya sanduku lenye urefu wa sentimita 90 hakuna mwenye njia. Panya aliyebanwa pembeni hugeuka akauma, na meno yake hukua maisha yake yote na hukata vitu vigumu kuliko ngozi ya nyoka. Nyoka wengi waliofugwa wamepoteza jicho au wamebaki na makovu mgongoni kwa sababu hiyo, na panya akiachwa usiku kucha na nyoka asiye na njaa, au anayekaribia kujivua ngozi, anaweza kumtafuna nyoka akiwa hai. Hata pale mbano unapofanikiwa, sekunde zinazotangulia ni za hofu kubwa kwa panya, na mimi sioni kwa nini niziongeze ilhali nyoka anapokea bila taabu windo lililokwisha kufa. Nimesikia pia wanaofurahia kutazama tamasha hilo na kulirekodi kwa simu. Hilo nalikataa waziwazi. Kulisha ni kulisha, na uchungu wa kiumbe haufai kuwa kitu cha kuburudishia wageni.

Dini yetu na hata sheria ya nchi vinakutana hapa. Tumefundishwa kwamba anayechinja achinje vizuri, anoe kisu chake, na amstareheshe mnyama wake; na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kwa hiyo panya wangu hufa kabla hawajafika kwa nyoka, na hufa kwa mkono wa mtu anayejua kuitenganisha shingo kwa tendo moja la haraka. Mfugaji asiyejua jambo hilo ajifunze kwa daktari wa mifugo, asijaribu kwa kubahatisha. Kumtia panya mzima kwenye friza ili baridi immalize ni ukatili ule ule, ila tu hauonekani kwa macho.

Panya wa mtaani je? Hili ndilo pendekezo ninalolisikia zaidi, kwamba masoko ya Kongowea na Marikiti yamejaa panya wa bure, basi wategwe wakapewe nyoka. Jibu langu ni hapana, na sababu ya kwanza ni sumu. Sumu ya panya inauzwa kila mtaa, na aina nyingi zake huzuia mwili kuitumia vitamini K, hivyo damu ikashindwa kuganda na panya akavuja damu ndani kwa ndani siku kadhaa baada ya kula. Katika siku hizo hutembea kwa unyonge na kunaswa kwa wepesi, jambo linalomaanisha kwamba yule aliye rahisi kutegwa ndiye aliye hatari zaidi kumpa nyoka, maana sumu iliyomo ndani yake huhamia kwa anayemla. Sababu ya pili ni minyoo, kupe na vimelea vingine, na ya tatu ni afya ya mtegaji mwenyewe, kwa kuwa mkojo wa panya wa mitaroni unaweza kubeba leptospirosisi, ugonjwa unaoumiza ini na figo za binadamu.

Wengine hutaka kukwepa panya kabisa. Huuliza kuhusu nyama ya kuku, mayai, samaki, hata omena. Vipande vya nyama havimfai nyoka huyu hata kidogo, kwa sababu misuli peke yake ina fosforasi nyingi na kalsiamu chache mno; mifupa ya windo ndiyo inayoleta kalsiamu, na ini lake ndilo linaloleta vitamini A. Nyoka aliyelishwa minofu ataonekana ameshiba kwa miezi kadhaa huku mifupa yake ikidhoofika. Kuhusu mayai, tunao Afrika nyoka wanaoishi kwa mayai matupu, wa jenasi ya Dasypeltis, ambao uti wa mgongo wao una ncha za kupasulia ganda kooni. Nyoka wa mahindi hana chombo hicho, na yai la kuku ni kubwa kuliko uwezo wake. Vifaranga vya siku moja ni jambo tofauti, kwa sababu kifaranga ni mnyama mzima, tena vituo vya kutotoleshea huuza vile vya dume kwa bei nafuu. Zafarani hupata kimoja mara chache. Choo chake baadaye huwa chepesi na chenye harufu kali, na ndiyo maana sikifanyi chakula cha kila mara. Kwa Binzari kifaranga cha gramu 35 au 40 hakifikiriki.

Mjusi kafiri anastahili maneno mawili. Vinyoka vilivyotoka yaini karibuni wakati mwingine hukataa panya kwa sababu silika inawaambia watafute mijusi, na ng'ambo wafugaji hukipaka kitoto cha panya harufu ya mjusi ili kikubalike. Mombasa mijusi tunayo ukutani kila chumba, na hila hiyo inaweza kufanyika kwa kukisugulia kitoto cha panya ule mkia ambao mjusi huuacha. Kumlisha nyoka mjusi mwenyewe wa ukutani, hata hivyo, ni kumlisha na vimelea vyake, na pia kunamzoesha chakula ambacho hutaweza kukihesabu wala kukipima.

Basi tumebaki na panya weupe wa kufugwa, ambao kwa maoni yangu ndio jibu. Nina kundi dogo uani, dume mmoja na majike watatu katika vizimba vya plastiki vyenye wavu mzito, kwa sababu mtaa wetu una paka wengi na kila mmoja ameshakuja kuvikagua. Jike hubeba mimba siku 19 hadi 21, akazaa watoto sita hadi kumi, na hao huachishwa kunyonya wakiwa na wiki tatu. Nawalisha mahindi, ngano, mtama na mboga kidogo, pamoja na chakula cha kuku kwa ajili ya protini, nikiamini kwamba nyoka anakula kile alichokula panya. Kazi kubwa ni usafi. Katika unyevu wetu mkojo wa panya hugeuka kuwa amonia inayochoma macho upesi sana, na vizimba visiposafishwa, wa kwanza kuugua ni panya wenyewe. Pia joto la Februari na Machi, linapokaribia nyuzi 33 mchana, hupunguza uzazi wao, kwa hiyo akiba ya miezi hiyo sharti iwekwe mapema. Anayeona kazi hii imemzidi atafute mfugaji wa panya anayeaminika na kukubaliana naye kwa mwaka mzima, kabla ya kununua nyoka.

Kuwaweka panya kwenye friza kulizua mazungumzo nyumbani. Mama alisema wazi kwamba panya hawatalala na nguru wake, na hakuhitaji kunieleza habari ya najisi ili nimwelewe. Nikanunua friza ndogo iliyotumika, ikawekwa stoo, nayo haiingizwi chakula cha watu. Nawapendekezea wote wafanye hivyo, hata ambao mama zao si wakali. Kule Uingereza wataalamu wa afya ya umma waliuhusisha mlipuko wa salmonela ulioanza mwaka 2015 na panya wa kugandishwa wanaolishwa wanyama watambaao. Baridi ya friza hulaza bakteria hao, haiwaui. Panya hawapitishwi jikoni, hawayeyushwi katika maikrowevu ya familia, na sufuria yao haipikiwi chochote. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla na baada, na watoto hawashiki vyombo hivyo.

Stima nayo inahitaji mpango wake. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kushikilia barafu kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu hushikilia kama nusu ya muda huo. Nafasi tupu katika friza yangu nimezijaza chupa za maji yaliyoganda, ambazo zinaongeza muda huo na zina matumizi mengine nitakayoyataja. Panya aliyeyeyuka kwa sababu ya giza la siku mbili hagandishwi tena. Hutupwa, hata kama inauma.

Siku ya kulisha, panya hutolewa kwenye friza asubuhi akiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na kuwekwa katika kisanduku chenye baridi ili ayeyuke polepole. Magharibi ikishapita, wakati ambao nyoka hawa huanza kutembea, mfuko huo huutia katika bakuli la maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyastahimili, kwa muda wa robo saa hivi, mpaka mwili wa panya uwe na joto la nyuzi 38 hadi 40. Kisha nambonyeza tumboni. Kama kuna kitu kigumu na baridi ndani, hajawa tayari, kwa maana panya mwenye barafu moyoni huweza kumfanya nyoka atapike. Namkausha kwa karatasi, namshika kiunoni kwa kibano kirefu, na kumwingiza kichwa kikitangulia. Zafarani huwa ameshatoa kichwa chini ya gogo. Ulimi unatoka haraka haraka, unasimama, unatoka tena. Shingo inajikunja herufi S. Halafu unachokiona ni kwamba panya hayupo tena katika kibano na mizunguko mitatu ya mwili imeshamfunika. Hukaa hivyo kwa dakika kadhaa akimbana mnyama aliyekufa siku nyingi, kisha anaulegeza mwili pole pole na kuanza kutafuta pua ya panya kwa midomo, akipitisha taya kila upande. Akiipata, taya la kulia linasogea, la kushoto linafuata, na kila hatua panya anaingia sentimita moja. Akimaliza hupiga miayo mikubwa kuzirudisha taya mahali pake. Baada ya hapo simgusi kwa saa 48.

Namlisha ndani ya sanduku lake. Zamani wafugaji walishauriwa kumhamishia nyoka kwenye chombo kingine ili asije akauzoea mkono kama chakula, lakini kumbeba nyoka mwenye tumbo lililojaa ni kumwalika atapike, na kibano kinatosha kumfundisha kwamba mkono na chakula ni vitu viwili. Chini nimetandika makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, tunayoyapata bila shida, na wakati wa kula natanguliza kipande cha gazeti juu yake ili nyoka asimeze makumbi pamoja na panya.

Sasa nije kwenye kipimo, na hapa ndipo ninapoona nyoka wengi wanaharibiwa kwa mapenzi. Nyoka wa mahindi karibu hakatai chakula. Ukimpa panya Jumatatu na mwingine Alhamisi atawapokea wote wawili kwa hamu ile ile, kwa sababu porini hajui windo lijalo litapatikana lini, na mwili wake umeumbwa kuweka akiba. Mfugaji akiona hamu hiyo husema "ana njaa maskini", akaongeza, na nyoka akanenepa ndani kwa ndani, mafuta yakazunguka ini na moyo, maisha ya miaka 20 yakafupika. Hamu yake haifai kuwa kipimo. Kipimo ni mizani, umri, na umbo la mwili. Mwili wa nyoka mwenye afya ukiukata kwa fikra una umbo la bofulo, chini bapa na juu duara. Uti wa mgongo ukichomoza amekonda, na ngozi ikiacha nafasi kati ya magamba ilhali hajala karibuni, au kukiwa na mikunjo ya mafuta karibu na mkia, amezidishiwa.

Kwa kawaida windo lisizidi mara moja na nusu ya unene wa nyoka mahali alipo mnene zaidi. Kinyoka kilichotoka yaini karibuni hupewa kitoto cha panya cha siku chache, kisichoota manyoya, chenye gramu moja na nusu au mbili, kila baada ya siku tano hadi saba. Anapokua, panya huongezwa ukubwa na siku huongezwa vilevile. Binzari kwa sasa hupata panya wa gramu 6 au 7 kila wiki, takriban asilimia kumi ya uzito wake. Zafarani hupata panya mmoja mzima, wa gramu 25 hadi 30, kila baada ya siku 12 au 14, na sijawahi kumwona akipungukiwa na kitu. Naona ni bora kuongeza ukubwa wa windo moja kuliko kutoa mawili madogo mfululizo, ingawa wapo wafugaji ninaowaheshimu wanaofanya kinyume.

Joto la Mombasa linaingia katika hesabu hii. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Anameng'enya chakula kwa joto analolipata nje. Upande mmoja wa sanduku unatakiwa uwe na nyuzi 29 hadi 31, na upande wa pili uwe na nyuzi 24 au 25 ili aweze kujichagulia. Mwezi wa Julai na Agosti, upepo wa kusi unapovuma na usiku ukashuka hadi karibu nyuzi 20, taa ndogo au pedi ya joto yenye kidhibiti inahitajika, hasa baada ya mlo. Mwezi wa Machi hali inageuka, upande wa joto hujitengeneza wenyewe na upande wa ubaridi ndio unaokosekana. Masanduku yangu yako sakafuni, juu ya vigae, mbali na dirisha la magharibi, na mchana mkali naegemeza nje ya kioo zile chupa za barafu zilizofungwa kitambaa. Katika miezi hiyo nachagua panya mdogo kidogo kuliko kawaida na namlisha usiku zaidi, kwa kuwa nyoka aliyeshiba akikosa mahali pa kujipoza hutapika. Akitapika, tumbo lake limepoteza majimaji yake ya kumeng'enyea, na kumpa kingine kesho yake ili kufidia ni kumwumiza. Anaachwa siku 10 hadi 14 na maji safi tu, kisha anapewa windo la nusu ya ukubwa wa lile la kwanza.

Kukataa kula si dharura kila mara. Macho yakigeuka ya buluu yenye ukungu, anakaribia kujivua ngozi, na wengi hawali mpaka wamalize. Dume aliyekomaa anaweza kususa kwa wiki kadhaa msimu wa kutafuta jike. Nyoka mzima mwenye mwili mzuri hadhuriki kwa wiki chache bila chakula, mradi anywe maji, lakini kinyoka hakina akiba hiyo na kinahitaji kuangaliwa mapema. Kabla ya kubadilisha chakula nakagua kipimajoto, kisha mahali pake pa kujificha, kisha kama kuna kelele au mtetemo mpya nyumbani. Akipoteza asilimia kumi ya uzito, au pumzi yake ikawa na mlio na mate yakaonekana mdomoni, jambo ambalo unyevu wetu na hewa isiyozunguka huweza kulileta, huyo anapelekwa kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Si kila daktari amezoea watambaao, kwa hiyo mtafute anayewajua ukingali na nyoka mzima wa afya. Ukienda, chukua daftari lenye uzito na tarehe za milo yote, pamoja na choo cha karibuni kabisa katika kichupa kilichofungwa, maana maswali yake ya kwanza yatahusu hayo.